Mguu wa Kulia wa Chiriku

Mdogo wangu tulimpa jina la Chiriku kabla hajaota meno yote, kwa sababu alianza kusema mapema na hakujua kunyamaza. Alisema akila, alisema akioga, na mama anaapa kwamba hata usingizini alikuwa akimalizia hadithi alizoanza mchana. Alipokua akawa mwalimu wa darasa la kwanza, kazi inayomtaka mtu aseme kutwa nzima, na sote tukaona kwamba amefika mahali pake.

Mimi ni mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yangu kina cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu, na nguo zote za Chiriku tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu nimezishona mimi. Ni umri huo mgongo wake ulipoanza kupinda. Haukuinama mbele kama wa mzee. Ulijikunja upande, bega la kulia likapanda juu, nyonga ya kushoto ikachomoza. Nguo ya dukani ilimkaa kama ya kuazima. Basi nikajifunza kumkatia kwa namna yake: upande wa kulia wa blauzi uwe mrefu kuliko wa kushoto kwa vidole vitatu, begani kuwe na kijisponji, na mshono wa katikati upite pale macho yanapotaka kuuona, si pale mgongo ulipo. Watu wengine unakunja kitambaa mara mbili, unakata mara moja, pande zote zinatoka. Kwake yeye nilikata kila upande peke yake. Watu walimsifu kwa kuvaa vizuri, na wengi wao hawakujua nguo zile zilikuwa zinaficha nini.

Alipofika miaka ishirini na sita maumivu yakazidi. Akitoka shuleni alikuwa akilala kifudifudi kwenye sakafu ya chumba changu cha kazi, katikati ya vipande vya vitambaa, nami namwekea chupa ya maji ya moto kiunoni. Nikampeleka hospitali kubwa kwa daktari wa mifupa, mama akifuatana nasi. Daktari alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa iliyosuguliwa hadi ikapauka. Alitundika picha kwenye mwanga, akatuonyesha jinsi mpindo ulivyokuwa unaongezeka mwaka hadi mwaka. Alisema angeweza kuunyoosha uti wa mgongo kwa upasuaji, kwa kuweka vyuma viwili kandokando yake na kuvikaza kwenye pingili kwa skrubu. Hakutuficha hatari. Alisema mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni inapita karibu sana na mahali pa kazi, na kwamba mara chache, si mara nyingi lakini hutokea, mgonjwa huamka akiwa na ganzi au mguu usio na nguvu.

Mama alikataa palepale. Alisema mgongo wa mtu si pindo la gauni, kwamba ukikosea unafumua na kushona upya. Alisema hayo akiniangalia mimi, kwa kuwa alijua mambo yote yalianzia wapi. Na kweli yalianzia kwangu. Kwa wiki tatu nzima sikumpa mdogo wangu nafasi ya kupumua. Nilimweleza habari za nguo atakazovaa, za kulala chali bila maumivu, za kusimama mbele ya wakwe siku atakapoposwa akiwa amenyooka kama mshumaa. Siku aliyosema amekubali, nikageukia kumshawishi mama. Mama hakukubali mpaka mwisho. Alichoka tu kubishana.

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, wakamtoa saa kumi jioni. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi la ukumbini, tukiwa na kikapu cha chakula ambacho hakuna aliyekigusa. Daktari alipotoka, kofia yake ya kitambaa ikiwa imelowa jasho, alisema mgongo umenyooka vizuri kuliko alivyotarajia. Nililia kwa furaha mbele za watu. Mama aliuliza kama mtoto ameshafumbua macho.

Jioni ile Chiriku alikuwa bado amelewa dawa. Kesho yake asubuhi muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, alifunua shuka upande wa miguu akamwambia achezeshe vidole. Vya kushoto vikacheza. Akamwambia achezeshe na vya kulia.

"Si ninavichezesha," Chiriku alisema.

Tuliviangalia sote watatu. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimelala tu, havina habari. Muuguzi akamwambia ainue unyayo, kama anayetaka kuvuta ncha ya kiatu kuelekea gotini. Goti lilisogea, paja lilikaza, lakini unyayo haukuinuka. Akapitisha mfuniko wa kalamu juu ya mguu akimwuliza kama anahisi, na Chiriku, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa jibu, alimwuliza, "Kuhisi nini?" Muuguzi akafunika mguu ule kwa upole, akatoka wodini kwa mwendo uleule wa taratibu. Alipovuka mlango tu, nikasikia viatu vyake vikikimbia.

Daktari alifika kabla chai ya wodi haijagawiwa. Chiriku akapelekwa kupigwa picha ya mgongo, akarudishwa, na daktari akarudi nyuma yake. Safari hii hakusimama. Alivuta kiti, akaketi karibu na kichwa cha mgonjwa, akasema maneno ambayo sikuwahi kusikia daktari akiyasema.

"Mwalimu, skrubu moja ya chini, upande wa kulia, imepita pembeni kidogo. Inaubana mshipa unaoinua mguu wako. Ni mimi niliyeiweka. Naomba ruhusa yako nikaitoe leo, nisingoje kesho."

Mama ndiye aliyeuliza. "Na ukiitoa, mguu utarudi?"

"Sijui, mama. Ila nikiiacha, hautarudi. Hilo nalijua."

Chiriku aliomba kalamu, akasaini akiwa amelala. Mchana huohuo wakamrudisha chumba cha upasuaji. Mimi nilikaa kwenye benchi lilelile, na mama akaenda kukaa kwenye benchi la pili, ng'ambo ya ukumbi.

Upasuaji wa pili ulikuwa mfupi. Skrubu ilitolewa, ikawekwa nyingine mahali palipo salama. Daktari alisema ameuona mshipa kwa macho yake: umechubuka na kuvimba, lakini haujakatika. Alisema mshipa wa namna hiyo huamka pole pole, kwa wiki au kwa miezi, na wakati mwingine hauamki wote. Hakuna dawa ya kuuharakisha. Kazi yetu ilikuwa kuulinda mguu usikakamae wakati tunausubiri.

Baada ya wiki mbili tulimleta nyumbani kwangu, kwa sababu kwangu hakuna ngazi. Mama naye akahamia ili amhudumie. Chiriku sasa alikuwa mrefu kunizidi, mabega yapo sawa, shingo imetulia katikati. Lakini akinyanyua mguu wa kulia, unyayo ulining'inia kama soksi iliyoanikwa. Ili ncha ya kidole isijikwae, ilimbidi ainue goti juu kabisa, kama mtu anayepanda ngazi kwenye sakafu tambarare, kisha unyayo unaanguka chini kwa kishindo, pwaa. Muundi ulimwaka kama umemwagiwa maji ya moto, hata shuka likigusa alikunja uso. Na juu ya unyayo huohuo, pale penye vidole, hakuhisi kitu. Hivyo vitu viwili vilimshangaza: mguu mmoja kuuma na kufa ganzi kwa wakati mmoja.

Kilichotuvunja moyo zaidi ni kwamba alinyamaza. Alijibu ukimwuliza, basi. Alikaa karibu na dirisha la chumba cha kazi, mguu juu ya kigoda, akiangalia barabara. Wateja wangu waliomzoea waliingia wakamchokoza, wakatoka wakiniuliza kwa macho.

Mama hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alizungumza nami kuhusu vitu tu. Sabuni imekwisha. Mtungi wa gesi umekaribia kuisha. Kuna mteja mlangoni. Siku moja nilimvalisha Chiriku blauzi yake ya zamani, ile ya buluu aliyoipenda, nikamsimamisha mbele ya kioo. Upande mrefu wa kulia ukafanya mkunjo kiunoni, kijisponji kikakaa begani kama kinundu, na mshono wa katikati ukakimbilia pembeni. Mwili umenyooka, nguo ndiyo imepinda. Aliivua, na kuanzia hapo akawa anavaa magauni mapana ya mama. Nilipaswa kumchukua vipimo vipya, ila mikono yangu ilikataa. Kila nilipoushika utepe wa kupimia niliona nimeshapima vya kutosha katika mwili ule.

Mara tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali kwa bwana wa mazoezi ya viungo, kijana mfupi mwenye kifua kipana, ambaye neno lake kubwa lilikuwa "tena". Vuta, tena. Sukuma, tena. Fikiria unauinua hata kama hauinuki, tena. Chiriku alimwita Bwana Tena, na hilo ndilo neno la utani pekee lililomtoka mwezi ule. Walimpa kifaa cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu ili kiushikilie unyayo usining'inie, lakini kilimchubua kwenye kifundo, na kwa kuwa hakuhisi vizuri, aligundua kidonda baada ya kuona damu kwenye soksi.

Hapo ndipo nilipopata cha kufanya. Nilikata mkanda mpana wa kitambaa laini, nikautia pamba ndani, ukawa wa kufunga juu kidogo ya kifundo. Nikashonea lastiki nene mbili zinazoshuka mbele na kunasa kwenye kamba za kiatu, ili ziuvute unyayo juu kila anaponyanyua mguu. Ule wa kwanza ulikuwa legevu. Wa pili ulimbana. Wa tatu nikaupeleka kwa Bwana Tena, akauvuta huku na huku, akaniuliza kama naweza kumshonea wengine wanne kwa wagonjwa wake.

Siku nilipokuwa namfunga mkanda huo wa tatu, nimepiga magoti sakafuni mbele yake, maneno yakanitoka yenyewe.

"Nisamehe," nilimwambia. "Nilikusukuma."

Alinitazama usoni.

"Unajua kwa nini nilikubali?"

"Kwa sababu nilikuchosha."

"Hapana, dada. Mwezi ule nilikuwa nawasomea watoto hadithi, nikaishiwa pumzi katikati ya sentensi. Sentensi fupi tu, ya mbuzi na kamba. Nikajifanya nimesahau neno ili wao walitaje. Kesho yake ikawa hivyo tena. Wao wakadhani ni mchezo, wakaupenda. Mimi nikajua ubavu umeanza kubana mapafu. Wewe ulikuwa unaniambia habari za magauni na wakwe, nikakuacha uendelee."

"Mbona hukutuambia?"

"Mama angelia. Na wewe ungenibeba mgongoni hadi hospitali siku hiyohiyo." Alivuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaitoa pole pole, kama anayenionyesha kitu alichonunua. "Sasa pumzi ninayo. Ni mguu tu ndio umeniwekea mgomo. Kwa hiyo usinichukulie uamuzi wangu ukaufanya wako. Mimi ndiye niliyesaini. Mara mbili."

Nilibaki pale chini nimeshika kamba za kiatu chake. Nilipogeuka nikamwona mama amesimama mlangoni, beseni la nguo kiunoni. Alikuwa amesikia yote. Aliliweka beseni chini, akaja akanishika bega ili ajisaidie kuketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, na hakuliachia bega hilo hata baada ya kuketi. Tulikaa hivyo watatu mpaka mteja alipobisha hodi.

Wiki ya saba baada ya upasuaji, siku ya Jumapili asubuhi, mama alikuwa anamkata Chiriku kucha za miguu. Mimi nilikuwa napiga pasi. Mama ana desturi ya kuzungumza peke yake anapofanya kazi ndogondogo, akihesabu vidole kama vya mtoto mchanga. Ghafla akaacha kuhesabu. Akakiweka kikata kucha kando, akaushika mguu wa kulia kwa mikono miwili.

"Fanya tena," alisema.

"Nifanye nini?" Chiriku aliuliza.

"Ulivyofanya sasa hivi. Fanya tena."

Chiriku akauangalia mguu wake kwa mashaka, akakunja uso kama anayesukuma kabati. Kidole gumba kikainuka. Si sana. Kiliinuka kiasi cha unene wa sarafu, kikatetemeka, kikaanguka. Akakiinua mara ya pili. Mara ya tatu kilikataa, kimechoka.

Pasi nilikuwa nimeisahau juu ya suruali ya mteja, na ni harufu iliyonishtua. Suruali ile iliungua tundu la ukubwa wa kiganja, nikaja kumshonea mwenyewe nyingine mpya, na sijawahi kushona suruali kwa furaha kama ile. Mama aliendelea kukata kucha. Alikata zote, akazifagia, akaenda kuzitupa nje, akakaa huko nje muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaniuliza mimi, kwa jina langu la utotoni ambalo hakulitumia tangu siku ya hospitali, kama nimeshakunywa chai.

Kuanzia hapo mguu ulirudi kwa mwendo wake wenyewe. Kidole gumba kwanza, kisha wenzake, na baada ya mwezi mwingine unyayo wote ukaanza kuinuka. Kulikuwa na wiki ambazo hakuna kilichobadilika, tukarudi kuwa na roho juu juu. Moto wa kwenye muundi ulipungua hadi ukawa kama siafu wanaotembea, na siku za baridi ulirudi. Bwana Tena alikuwa akipima nguvu kwa kuukandamiza unyayo kwa kiganja huku Chiriku akimsukuma, na siku mkono wake uliposhindwa kidogo alikwenda kumwita mwenzake wa chumba cha pili aje ashuhudie.

Na Chiriku akarudi kusema. Sikuona siku hasa ilipoanza. Nilishtukia tu kwamba nimekosea kuhesabu vifungo kwa sababu kuna mtu ananisimulia mambo matatu kwa mpigo. Siku moja tulitoka dukani, yeye akiwa anasimulia, tukapita mitaa miwili, ndipo mwanamke mmoja akaja mbio nyuma yetu ameshika ndala. Ilikuwa ya mguu wa kulia. Ilimtoka mguuni na yeye hakuhisi, alitembea peku njia nzima akiendelea na hadithi. Alicheka mpaka akajiegemeza ukutani. Mwanamke yule akatuona wendawazimu.

Jioni ile nikachukua utepe wa kupimia. Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikampima kutoka begani hadi kiunoni, upande wa kulia, nikaandika. Nikapima wa kushoto. Tofauti ilikuwa ndogo, chini ya upana wa kidole kimoja, kama ya mteja yeyote anayeingia chumba changu cha kazi. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Kisha nikakunja kitambaa katikati na kukata mara moja tu. Gauni lile lilikuwa la kawaida kabisa, la kijani, halina ufundi wowote wa kujivunia, na yeye alilivaa siku aliyorudi shuleni, mwezi wa sita baada ya upasuaji, mkanda wangu ukiwa juu ya soksi. Watoto walimwuliza kwa nini mguu wake mmoja unapiga chini kwa nguvu kuliko mwingine. Nasikia somo la hesabu halikufundishwa siku hiyo.

Mwezi wa kumi baada ya upasuaji tulikwenda kwa daktari. Mama alisisitiza kuja. Daktari alimtoa Chiriku chumbani mwake hadi ukumbini, akamwambia avue viatu na atembee kwa visigino tu, vidole vikiwa juu, kutoka mlango wake hadi dirisha la mwisho na kurudi. Kutembea hivyo, alitueleza, hakuwezekani kama mshipa ule haufanyi kazi. Ukumbi ulikuwa na watu kwenye mabenchi, wote wakageuka kutazama. Chiriku alikwenda mikono kaitandaza kama bata, mguu wa kulia ukitetemeka na kushuka kidogo kuliko wa kushoto, lakini vidole vyake havikugusa sakafu. Alikwenda, akageuka, akarudi.

Daktari aliegemea mlango wake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akaivua tena. Akamwambia kwamba kuna sehemu ya ganzi juu ya unyayo huenda isiondoke, na kwamba awe anaangalia viatu vyake kila avuapo, kama kuna kidonda. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa miezi kumi hakuna asubuhi aliyoingia kazini bila kuuwaza mguu ule.

Mama alimsogelea. "Mimi pia nilikuwazia, daktari," alisema. "Siku za mwanzo nilikuwazia mabaya. Ulituambia ukweli ungali wa moto, ukaurekebisha siku hiyohiyo. Leo nenda kalale."

Akampa mkono. Daktari aliushika kwa mikono yake yote miwili.

Tulipotoka nje nilitaka tupande gari, lakini Chiriku alisema anataka kutembea. Kutoka hospitali hadi nyumbani ni mwendo mrefu, una kilima. Alitangulia mbele na mama, wameshikana mikono, akimsimulia jambo lililomfanya mama asimame mara mbili ili acheke vizuri. Mimi niliwafuata nyuma nimebeba mikoba yote mitatu. Katikati ya kilima pumzi ziliniisha, nikawaita wanisubiri, nikaketi kwenye ukuta mfupi wa kando ya barabara. Wakarudi wakaketi nami, mmoja kila upande, na mdogo wangu akaendelea na hadithi yake pale alipoiachia.